Jicho Ambalo Halikuguswa

Chuma kilimpiga kaka yangu jicho la kushoto, lakini lililopofuka ni la kulia. La kushoto, lile lililopasuliwa na kipande cha tindo na kushonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele, ndilo analotembelea mpaka leo. Kwa jicho hilo hupambanua mlango na ukuta, mtu na nguzo, na siku za kiangazi zenye mwanga mwingi huweza kukuambia rangi ya shati ulilovaa. La kulia, ambalo hakuna kitu kilichowahi kuliingia, halioni hata njiti ya kiberiti ikiwashwa mbele yake.

Karibu kila mtu ninayemweleza habari hii hudhani nimechanganya kulia na kushoto. Sikuchanganya. Nilikuwepo.

Tulifanya kazi pamoja katika karakana ya kampuni ya mgodi, hapa Kolwezi. Yeye alikuwa fundi wa kurekebisha mashine; mimi nilitoa vifaa katika dirisha la ghala, hatua chache tu kutoka meza yake. Nilikuwa sijaoa bado, nikaishi kwake katika kambi ya wafanyakazi, upande wa Musonoi, pamoja na mke wake. Huyo nilimwita shemeji. Kaka nilimwita yaya, maana kwetu Katanga yaya ni ndugu mkubwa, awe mwanamume au mwanamke, wala si mtu wa kulea watoto wa wengine.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na kampuni ilikuwa inaporomoka. Haikuanguka siku moja. Ilianguka kama ukuta wa matofali mabichi unavyoanguka wakati wa mvua: unaona kona imelainika, kesho kona nyingine, na watu wanaendelea kuishi ndani. Pampu ikifa, tulinyang'anya kipuri kutoka pampu nyingine iliyokufa zamani. Miwani ya kazi ilikuwa imekwaruzika kiasi kwamba ukiivaa unaona ukungu, hivyo mafundi waliivaa juu ya paji la uso, kwa heshima ya sheria. Tindo zilikuwa kuukuu, vichwa vyake vimepondeka na kuchanua kama uyoga. Kila fundi alijua kwamba tindo iliyochanua hutoa vipande. Zamani zilikuwa zinasagwa upya kila mara, lakini wale waliosaga walikuwa wameshaondoka.

Walikuwa wamefukuzwa. Hilo nalo halikutokea siku moja. Kwanza ilikuwa mikutano uwanjani, ambako wakubwa wa siasa walitueleza kwamba njaa yetu inatokana na wageni. Wageni ni nani? Watu wa Kasai, jimbo jirani. Wengi wao walizaliwa hapa, na baba zao waliletwa na kampuni yenyewe kabla baba zetu hawajaacha mashamba ya kaskazini. Walisema Kiswahili chetu, walizika wafu wao katika makaburi yetu. Halafu wakapewa jina: bilulu, yaani wadudu. Halafu mawe juu ya mabati, halafu moto. Mwisho wake ni familia kwa mamia kupiga kambi stesheni, na magodoro, na masufuria, zikisubiri treni ya kuzipeleka katika nchi ambayo watoto wao hawakuijua.

Karakana ilibaki nusu tupu. Kila aliyebaki alifanya zamu mbili, poste mbili kama tunavyosema, ya kwake na ya aliyeondoka. Tulikuwa tunarudi nyumbani na macho mekundu. Naomba msomaji aikumbuke habari hiyo ya macho mekundu, maana ndiyo iliyotupoteza.

Siku ya ajali yaya alikuwa anagonga pini iliyokuwa imeganda na kutu. Nilisikia nyundo, kisha nyundo, kisha kimya. Alipogeuka alikuwa amefunika jicho la kushoto kwa kiganja, na kitu kama ute wa yai kilikuwa kinapita kati ya vidole. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mashine isimame." Tukamkimbiza hospitali.

Daktari wa macho alikuwa bado yupo. Alikuwa mtu wa Kasai, mzaliwa wa Kolwezi, wa barabara iliyo nyuma ya kanisa letu. Yaya na yeye walicheza mpira pamoja utotoni. Alikuwa amemwambia mkubwa wa hospitali kwamba hataondoka kabla wagonjwa wake wa upasuaji hawajatolewa nyuzi. Alishona jicho mchana kutwa. Kesho yake alituita, yaya kitandani, shemeji na mimi tumesimama.

"Nilishona, lakini jicho hii haitaona tena," alisema. "Sikufiche. Sasa mi naomba kitu ya nguvu: tuitoe."

"Kama umeishona, unaitoa tena kwa nini?" shemeji akauliza.

"Kwa sababu ya ile ingine, mama. Ile muzima."

Alieleza kwamba mara chache sana, jicho likipasuliwa vile, mwili hugeuka na kulishambulia jicho la pili. Si wote. Wengi hawapatwi. Lakini anayepatwa anaweza kupoteza yote mawili. Njia ya kuzuia ni kuliondoa lililoumia mapema, katika wiki mbili za kwanza hivi, kabla mwili haujajifunza.

"Kabla haujajifunza nini?" nikauliza mimi.

"Kuchukia," alisema, kisha akaona neno hilo halikumpendeza. "Kabla haujashika sura. Nitakueleza siku ingine."

Yaya hakukataa. Alisema jambo ambalo mwanamume yeyote wa ukoo wetu angelisema: "Tumuite tata mukubwa."

Tata mkubwa alikuwa ndugu mkubwa wa baba yetu marehemu, mfanyakazi wa reli kule Dilolo, mpakani mwa Angola. Katika ukoo wetu mtu hakatwi kiungo kama mti wa kuni. Kinachotoka mwilini huzikwa, na anayekizika ni mkubwa wa ukoo, kwa mkono wake, akitaja jina la mwenyewe na kusema sababu. Asiposema, siku mtu huyo akifa wazee waliotangulia watauliza: kwa nini mmetuletea nusu? Daktari aliijua desturi hiyo vizuri kama sisi. Akakuna kidevu.

"Muite," alisema. "Lakini mumuite mbio."

Tulimpa ujumbe kondakta wa treni. Katika miaka ya kawaida ujumbe ungefika kesho yake na tata mkubwa angefika siku inayofuata, na fimbo yake na samaki wakavu. Lakini mabehewa yalikuwa yamechukuliwa kuwabeba wale waliofukuzwa. Njia ya Dilolo ikabaki bila treni. Nilikwenda stesheni mara kwa mara kuuliza, nikipita katikati ya watu walioketi juu ya mizigo yao, na karani alinijibu bila kuinua kichwa: "Treni zote zinakwenda Kasai."

Hivyo basi, kuwaondoa watu wa Kasai ndiko kulikomzuia mzee wetu kuja kutoa ruhusa. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi. Hakuna aliyelipanga.

Kulikuwa na jambo lingine, dogo na baya. Katika karakana tulikuwa na mchomeleaji mmoja, mtu wa utani, ambaye bila yeye siku zile zisingepitika. Tulipowaeleza wenzetu kwamba daktari anataka kulitoa jicho, aliweka chini kinyago chake cha kuchomelea akasema juu ya watu wa Kasai:

"Ah! Balibeba bitanda, balibeba mabati, sasa beko nataka kwenda na macho yetu?"

Watu walicheka mpaka wakashika meza. Yaya alipoambiwa utani huo alicheka pia, kitandani, akishika bandeji. Hakuuamini. Namjua kaka yangu. Asingeamini kitu kama hicho juu ya mtu aliyecheza naye mpira. Lakini tangu siku ile kila daktari alipouliza, "Mzee alishafika?", yaya alijibu haraka zaidi, "Bado, bado," kama mtu aliyepata mahali pa kujificha.

Akaruhusiwa kurudi nyumbani. Daktari akaja kambini mwenyewe, kwa miguu, mchana kweupe, jambo ambalo kwa mtu wa Kasai siku zile halikuwa dogo. Shemeji alimpa kiti. Hakukaa.

"Kaka, muda iko napita," alimwambia yaya.

"Unajua bazee yetu. Nikikata bila yeye, atanilaani."

"Atakulaani na jicho moya unaona. Si afazali?"

Yaya akatabasamu. "Ngojea kidogo."

"Mi naweza kungojea. Sijue kama watangojea mimi."

Siku chache baadaye nyumba ya daktari ilipigwa mawe. Hakurudi hospitali. Tulisikia amehamia stesheni na mke na watoto.

Wiki zikapita na hakuna kilichotokea. Jicho la kushoto lilikauka, likawa la kijivu kama kioo cha chupa ya zamani. La kulia lilikuwa zima. Yaya akarudi kazini, akafunika la kushoto kwa kitambaa, akafanya kazi kwa moja, na watu wakasema: mnaona? Angelikubali angekuwa amelitupa bure. Tata mkubwa hakuwa amefika bado, na tuliacha kumsubiri kwa wasiwasi.

Halafu jicho la kulia likaanza kuwa jekundu.

Hapa ndipo kosa letu lilipo, na nadhani lisingeweza kufanywa na watu wengine isipokuwa watu wa karakana ile, mwaka ule. Sisi sote tulikuwa na macho mekundu. Sisi sote tulikuwa tunabeba kazi ya mtu aliyeondoka. Kwa hiyo mchomeleaji alipomtazama yaya usoni asubuhi moja, akasema jambo ambalo kila mmoja wetu aliliona kuwa la akili kabisa:

"Yaya, jicho yako iko natumika poste mbili, sawa sisi wote."

"Mwenzake amekwenda likizo," yaya akajibu.

"Basi mupe malipo ya ziada!"

Na hapo tukamaliza uchunguzi wetu. Jicho lililobaki linabeba kazi ya lililoondoka, lazima lichoke, lazima liwe jekundu. Lilipoanza kuuma tulisema limechoka zaidi. Yaya alipolalamika kwamba anaona vitu kama masizi yakielea mbele yake, tulisema ni moshi wa kuchomelea. Mkuu wa karakana, mtu mwema, alimpa ruhusa ya kufanya zamu moja ili jicho lipumzike. Tulilitibu jicho kama mfanyakazi.

Shemeji ndiye aliyeona tofauti. Alisema uchovu hupungua mtu akilala, na huu ulikuwa mkali zaidi asubuhi. Aliona kwamba yaya anakula akiwa ameupa mlango mgongo, akiukwepa mwanga wa nje. Siku moja alirudi kutoka sokoni akamkuta amening'iniza blanketi dirishani, saa ya adhuhuri, na ameketi gizani.

"Mwanga iko inaniingia sawa sindano," alimwambia.

Shemeji akaja kuniita ghalani. "Twende stesheni," alisema. "Sasa hivi. Kabla ile muntu hajaondoka."

Tulimfunika yaya koti kichwani, tukamwongoza. Stesheni ilikuwa imekuwa mji. Watu walikuwa wamejenga vibanda kwa mashuka na milango ya kabati. Harufu ilikuwa ya moshi wa makaa na ya vyoo visivyotosha. Watu walitutazama kwa sababu walijua kutoka katika nyuso zetu na katika namna tulivyopita kwamba hatukuwa wenye safari. Hakuna aliyetutukana. Mama mmoja aliyekuwa anasuka mtoto nywele aliona koti lile, akanyoosha kidole, na tukamkuta daktari ameketi juu ya sanduku, anamsafisha mtoto wa jirani sikio.

Alimwona yaya na koti lile kichwani. Alisimama.

"Tangu lini?"

Shemeji akamweleza. Hakutulaumu. Alimwingiza yaya ndani ya kibanda chake, akamwambia mkewe ashushe shuka, akatoa tochi ndogo mfukoni. Alitazama muda mrefu, akipitisha mwanga kutoka ubavuni. Kisha akaniita.

"Angalia. Ulikuwa unauliza."

Niliinama. Mboni ya kaka yangu, badala ya kuwa duara, ilikuwa na pembe, kama tundu lililokatwa na mtu asiye na mkasi. Daktari alisema lile pazia la rangi linalozunguka mboni limenata kwa nyuma, na kama angekuwa na mashine yake ningeona zaidi: chembe nyeupe zikielea katika maji ya mbele ya jicho, kama vumbi linavyoonekana katika mwale wa jua unaopita kwenye tundu la bati.

"Ni vidudu?" nikauliza.

"Hapana kidudu hata kimoya." Alizima tochi. "Njo ile nilikuwa nataka kukueleza. Ile chembe ni ya mwili wake mwenyewe. Mu damu muko basoda, ni askari. Kazi yao ni kupita-pita, kuangalia sura ya kila kitu: huyu ni wa hapa, huyu si wa hapa. Lakini jicho iko na lupango yake, sawa uzio ya nyumba, imefungwa. Basoda habaingiake mule ovyo. Bitu bya ndani, ile rangi nyeusi ya nyuma, habakuizoea tangu anazaliwa. Siku chuma ilipasula lupango, bakaona ile rangi. Bakasema: huyu ni nani? Hatumujui. Bakashika sura yake."

"Hiyo ni ya kushoto," nikasema. "Hii haikupasuka."

"Haikupasuka. Lakini iko na rangi moya na ile. Ni ndugu yake. Basoda habaulizake nani alifanya nini. Beko natafuta sura."

Nje kulikuwa na kelele za watoto na mtu aliyekuwa anagombania maji. Mke wa daktari aliacha kukunja nguo. Ni yaya mwenyewe aliyejibu, akiwa bado na koti begani na macho yamefumbwa.

"Kumbe mu kichwa yangu mulikuwa mkutano wa uwanja," alisema.

Daktari akacheka. Alicheka mpaka akafuta machozi, na mkewe akacheka, na mimi. Shemeji peke yake hakucheka.

"Basi tukate ile ya kushoto leo," alisema. "Tata mukubwa atasema atakalosema. Mi nitabeba ile laana."

"Leo imechelewa, mama. Sura imekwisha kushikwa. Ukiitoa sasa, basoda hawatasahau. Na usiitupe," akamgeukia yaya, "unasikia? Sasa usikubali mutu akuitoe. Mara ingine, kwa huu ugonjwa, ile iliyoumia njo inabakia kuona kuliko ile ingine. Uichunge."

Kwa hiyo ushauri wake ulikuwa umegeuka. Kwanza alituomba tulitoe, na hatukukubali. Sasa tulitaka kulitoa, akakataa. Na mara zote mbili alikuwa sahihi. Wakati tu ndio uliokuwa umebadilika, na wakati ndicho kitu ambacho hatukujua kukichunga.

Alifungua sanduku lake. Juu kulikuwa na nguo za watoto, chini dawa alizokuwa amezibeba kwa ajili ya njia, kwa watu wake. Akatoa kichupa cha matone ya kulegeza pazia lililonata, na vidonge vya kuwatuliza askari wale. Alimfundisha shemeji: vingi mwanzoni, kisha kupunguza polepole sana, kwa miezi, kamwe si kuacha ghafla. Vilikuwa havitoshi kwa miezi. Alijua. Alituambia tutafute vingine popote, na kwamba naye akivipata njiani angejaribu kutuma.

"Wewe utafanya kazi na nini?" shemeji akamuuliza.

"Kwanza nifike."

Treni yake iliondoka baada ya siku chache. Nilikwenda kuiona. Watu walikuwa hadi juu ya mabehewa. Sikumwona.

Vidonge vilifanya kazi kiasi cha kutushangaza. Katika wiki moja blanketi lilitoka dirishani. Katika wiki mbili yaya alikuwa anasoma maandishi ya gunia la unga kutoka upande wa pili wa chumba, na akawa anatusomea kwa majivuno, hata yale yasiyo na maana. Shemeji aliimba jikoni. Sisi wengine tulianza kutafuta dawa. Hospitali haikuwa nayo. Maduka ya dawa yalikuwa yameporwa na rafu zake zimechomwa kama kuni. Wafanyabiashara Waislamu wa Musonoi, ambao malori yao yalikuwa bado yanatembea, walituahidi kuuliza kila walikopita, na mmoja wao aliniletea pakiti moja kutoka mbali, akakataa kuzungumza juu ya bei. Nayo isingedumu.

Katika siku zile za katikati, dawa ikiwa inaelekea kwisha na jicho bado linaona, tata mkubwa akafika. Alikuja sehemu kwa treni ya mizigo, sehemu juu ya lori la chumvi. Aliketi, akaweka samaki wake wakavu mezani, akasikiliza kila kitu tangu mwanzo. Halafu akainua mkono wake wa kushoto, ambao tuliujua tangu utotoni, wenye vidole vitatu.

"Mulikuwa munaningojea mimi?" aliuliza. "Siku behewa ilinikata bidole, reli ilimungojea nani? Daktari alikata mara moya, mi nikazika mwenyewe, nikasema jina yangu mwenyewe. Wazee walinyamaza."

"Hukutuambia, tata," yaya alisema.

"Hamukuniuliza."

Alilia, mzee yule. Alilala kwetu, asubuhi akamshika yaya kichwa kwa mikono yote miwili akamtemea mate ya baraka, na akaondoka kutafuta lori la kumrudisha.

Baada ya pakiti ya mwisho jicho la kulia lilirudi kuwa jekundu. Safari hii hakuna aliyefanya utani. Mchomeleaji alikuja nyumbani na kuku mmoja, akamkabidhi shemeji. Blanketi likarudi dirishani. Mwanga ulimchoma yaya kwa miezi, halafu siku moja ukaacha kumchoma, na tulifurahi asubuhi nzima kabla ya kuelewa kwa nini.

La kushoto halikufa. Miaka mingi baadaye, nchi ilipotulia kiasi cha mtu kusafiri, nilimpeleka Lubumbashi kwa daktari mwingine wa macho, kijana. Aliondoa ukungu mzito uliokuwa umefunika jicho lile lililoshonwa. Alipotoa bandeji yaya alitazama upande wangu, akasema, "Umezeeka." Hayo ndiyo macho aliyonayo: jicho moja, lile tulilotakiwa kulitupa, kisha tukaambiwa tulichunge.

Nilimweleza daktari kijana maneno ya stesheni, habari ya askari na sura na lupango. Alisema yule mwenzake alieleza vizuri, ila kuna kitu cha kuongeza. Katika damu hamna washambuliaji tu. Kuna seli nyingine ambazo kazi yao ni kuwatuliza wenzao, kuwaambia: mwacheni, huyu ni wa hapa. Kwa watu wengi hufika mapema, na jicho la pili halidhuriki, hata kama lililoumia halikutolewa. Kwa wengine hazifiki, au hufika chache. Kwa nini kwa yaya hazikufika, alisema hawezi kujua.

Nikamuuliza lile ambalo yaya hakuwahi kuuliza mbele yangu. Kama tungelikata katika zile wiki mbili, jicho la kulia lingekuwa linaona leo?

"Pengine," alisema. "Yawezekana sana. Siwezi kukuapia."

Nimewauliza watu waliorudi kutoka Kasai juu ya daktari wetu. Mmoja aliniambia alimwona sokoni Mwene-Ditu. Mwingine aliyekuwa katika treni ile ile anasema kulikuwa na daktari aliyekufa njiani kwa kuhara akihudumia watu, lakini hajui kama alikuwa wa macho. Mke wake na watoto hakuna aliyeniletea habari zao. Yaya akisikia nauliza, husogeza kiti chake karibu.

Sasa yeye ni mzee, na mimi si mbali naye. Shemeji bado humtembeza jioni barabarani, ingawa yaya hudai ni yeye anayemtembeza shemeji. Wiki iliyopita niliwatembelea, nikakuta jicho la kushoto lina wekundu, kidogo, kuzunguka lile duara la katikati. Yaya alisema ni vumbi la Kingamyambo. Siku hizi kule wanasaga upya mabaki ya madini ya zamani, na upepo ukitoka upande ule kila mtu anafikicha macho. Yaweza kuwa kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nafikicha.

Daktari wa Lubumbashi alituonya kwamba askari wale hawasahau, na akatuambia tumpigie siku ile ile jicho litakapoanza kuwa jekundu. Nimempigia. Ametaka kujua jambo moja tu kabla ya kutupangia siku ya kwenda: je, mwanga unamchoma? Nimemuuliza yaya mara mbili. Mara ya kwanza alinijibu kwamba kiti nilichokalia kina mguu mbovu. Mara ya pili alikuwa ameupa mlango mgongo, anakula.